Wally Aliingia Mwisho: Historia Fupi ya Vitabu vya Picha vya Kutafuta

Miezi michache iliyopita kaka yangu aliniachia binti yake wa miaka mitano kwa siku mbili. Mimi nilikuwa na sura ya tasnifu inayotakiwa kwa msimamizi wangu Jumatatu, kwa hiyo nikafanya kile afanyacho mtu mzima yeyote mwenye haraka: nikatafuta kitu cha kumtuliza mtoto. Kwenye rafu nilikuwa na nakala ya *Where's Wally?* niliyoinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Nikamwonyesha yule kijana mwembamba mwenye miwani, kofia ya sufu na fulana ya mistari myekundu na myeupe, nikamwambia, "Haya, mtafute huyu kwenye kila ukurasa." Moyoni nikajipigia hesabu kwamba nimepata saa nzima ya kuandika.

Nilipata kama dakika kumi. "Shangazi, nishampata." Kote? "Kote." Nilipoangalia nikakuta kwamba aliyekimiliki kitabu kabla yangu alimzungushia Wally kalamu ya bluu karibu kila ukurasa. Mtoto alikuwa amefuata miduara tu. Nikacheka, nikamwuliza, "Umeona nini kingine?" Akakifunga kitabu. "Hamna kitu kingine."

Sasa, kila ukurasa wa kitabu kile una mamia ya watu. Wapo wanaoanguka, wanaogombana, wanaomwagiana maji, wanaofukuzana. Na mtoto mwenye macho yake mazima anakwambia hamna kitu. Jibu lile lilinikaa kichwani kuliko tasnifu yenyewe, na ndilo lililonifanya nianze kuchimbua historia ya vitabu hivi. Nilichokikuta kilinishangaza. Vitabu hivi havikuanza na mtu wa kutafutwa. Kwa muda mrefu kulikuwa na picha zilizojaa watu, na hakuna aliyekuambia umtafute nani. Wally aliingia mwisho, na kuingia kwake kulibadilisha kazi ya jicho.

Mchoro usio na mhusika mkuu

Wajerumani wana neno zuri kwa picha za aina hii: Wimmelbild. Kitenzi chao *wimmeln* maana yake ni kujaa tele huku kila kitu kikitembea, kama siafu waliovurugiwa njia. Picha ya namna hiyo ina watu utitiri, kila mmoja na lake, na hakuna aliyechorwa mkubwa kuliko wenzake kwa sababu eti yeye ndiye muhimu. Kitabu cha picha hizo huitwa Wimmelbuch.

Ukiuliza babu wa picha hizi ni nani, jina linalotajwa mara nyingi ni la Pieter Bruegel, mchoraji wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliyefariki mwaka 1569. Mwaka 1560 alichora picha inayoitwa Michezo ya Watoto, ambayo sasa iko kwenye makumbusho ya Kunsthistorisches mjini Vienna. Ina kimo cha sentimita 118 na upana wa sentimita 161, yaani kama meza ya kulia chakula iliyosimamishwa ukutani. Ndani ya eneo hilo kuna watoto zaidi ya 200 wanaocheza michezo zaidi ya 80.

Hebu tuizungukie kidogo. Mbele kabisa wawili wanasukuma ringi za mapipa kwa fimbo. Kwenye kona ya kushoto wasichana wawili wanarusha na kudaka vifupa, mchezo ambao mtoto wa Tanzania angeuita mdako bila kusita. Kuna wanaozungusha pia, kuna waliopanda mironjo, kuna wanaorukana migongo, kuna aliyefunikwa macho akiwasaka wenzake. Kuna hata mmoja anapuliza kibofu cha nguruwe kama puto. Karibu miaka 470 imepita, na nusu ya michezo ile ungeweza kuikuta mtaani kwenu leo jioni.

Lakini angalia alivyoipanga. Bruegel anakuweka juu kidogo, kana kwamba umesimama dirishani ghorofa ya pili. Uwanja wote uko mbele yako na hakuna katikati. Hakuna mwanga unaomwangukia mmoja na kumwacha mwingine gizani. Mchoraji hakuambii uanzie wapi wala umalizie wapi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1559, alikuwa amefanya jambo la aina hiyohiyo kwa methali. Picha ile, iliyopo Berlin, inaonyesha kijiji ambacho wakazi wake wanatenda methali zaidi ya 100 za Kiholanzi kama zilivyo, neno kwa neno. Mmoja anafukia kisima wakati ndama ameshazama. Mwingine amepiga magoti mbele ya uji uliomwagika akijaribu kuuzoa, na methali yake inasema kwamba aliyemwaga uji hawezi kuuzoa wote. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: maji yakimwagika hayazoleki. Mtazamaji aliyezijua methali hizo alikuwa na kitu cha kutafuta, naam, lakini orodha ya kutafuta ilikuwa kichwani mwake. Haikuandikwa pembeni ya picha.

Tusijidanganye, hizi hazikuwa picha za watoto. Zilikuwa rangi za mafuta juu ya mbao, vitu vya watu wenye uwezo. Ili zimfikie mtoto ilibidi mambo mengine mawili yatokee: kitabu cha bei ya kununulika, na mtu aliyeamini kwamba mtoto anajifunza kwa macho.

Namba zinaingia kwenye picha

Mtu huyo alikuwa Johann Amos Comenius, mwalimu na askofu kutoka Moravia, sehemu ya Cheki ya leo, aliyeishi muda mrefu uhamishoni kwa sababu ya vita na dini. Mwaka 1658, mjini Nuremberg, alichapisha *Orbis Sensualium Pictus*, yaani ulimwengu wa vitu vinavyoonekana, ulioelezwa kwa picha. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya picha vilivyotungwa mahsusi kwa ajili ya watoto. Kina sura 150, na tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka uliofuata tu.

Ujanja wake ulikuwa mdogo na wenye nguvu. Kila sura ina picha, tuseme ya karakana au shamba, na vitu vilivyomo vimewekewa namba. Chini yake kuna sentensi za Kilatini na Kijerumani zenye namba zilezile. Mtoto anasoma neno, anaona namba, anarudi kwenye picha kukisaka kitu chenye namba hiyo. Huo tayari ni mchezo wa kutafuta na kupata, ingawa Comenius aliuita masomo.

Hapa kuna tofauti kubwa na Bruegel. Picha sasa ina msimamizi. Kila kitu kina jina moja, na ukishalioanisha jina na kitu umemaliza. Kama kuna paka amelala kwenye kona ya karakana bila namba, basi paka huyo hayuko kwenye mtihani.

Ukoo huu wa pili, wa picha yenye orodha, uliendelea kivyake. Mfano mmoja maarufu ni jarida la watoto la Marekani linaloitwa *Highlights*, lililoanza mwaka 1946 na ambalo tangu toleo la kwanza limekuwa na ukurasa wa picha zilizofichwa. Unapewa orodha ya vitu, tuseme kijiko, soksi na kitana, kisha unavisaka ndani ya mistari ya mti au paa la nyumba. Ukivipata vyote umeshinda, unafungua ukurasa mwingine.

Kwa hiyo tunayo mito miwili. Mmoja unasema: tazama, kuna dunia humu. Mwingine unasema: tafuta kile nilichokuambia.

Munich, 1968

Mto wa kwanza ulimfikia mtoto rasmi mwaka 1968, pale mchoraji wa Munich aitwaye Ali Mitgutsch alipotoa *Rundherum in meiner Stadt*, maana yake "pande zote za mji wangu", kupitia wachapishaji wa Ravensburg. Ndicho kitabu kinachohesabiwa kuwa Wimmelbuch ya kwanza ya kisasa, na yeye mwenyewe aliitwa baba wa vitabu hivyo mpaka alipofariki Januari 2022 akiwa na miaka 86.

Kitabu chenyewe hakina hadithi wala maagizo. Kurasa ni za karatasi nene ya boksi, mtoto wa miaka miwili akizitafuna hazichaniki upesi. Ukikifungua unaona mji kutoka juu kwa mshazari, kama vile Bruegel alivyouona uwanja wake: mafundi kazini, watoto wakicheza, wapita njia, ajali ndogondogo na ugomvi mdogomdogo. Hakuna anayekuambia ufanye nini. Mwaka 1969 kitabu kikapata tuzo ya taifa ya fasihi ya vijana ya Ujerumani, na vitabu vyake vilivyofuata vikauzwa kwa mamilioni.

Mwaka wenyewe unasema kitu. Mwaka 1968 Ujerumani Magharibi ilikuwa kwenye maandamano ya wanafunzi, na moja ya mambo yaliyobishaniwa vikali ni malezi: je, mtoto afundishwe kutii, au aachwe aone na aamue? Kitabu kisicho na neno hata moja la kumwamrisha mtoto kilitua katikati ya ubishi huo.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, Mmarekani Richard Scarry alitoa *What Do People Do All Day?*, kitabu kinachouliza watu hufanya nini kutwa nzima na kujibu kwa mji mzima wa wanyama wanaofanya kazi: waokaji, mafundi bomba, wajenzi wa barabara. Scarry alipenda maandishi, kila kitu kwake kina jina, kwa hiyo ana damu ya Comenius. Lakini kurasa zake zimejaa pomoni kama za Mitgutsch. Na mwaka 1974, kwenye kitabu chake cha magari, alifanya jambo dogo lenye maana kubwa kwa hadithi yetu. Alimficha mdudu mdogo wa rangi ya dhahabu, Goldbug, kwenye kurasa zake. Mito miwili ikaanza kukaribiana.

Mjapani Mitsumasa Anno naye alipita katikati yake. Kitabu chake cha safari cha mwaka 1977 hakina maneno. Mpanda farasi mdogo sana anavuka Ulaya, ukurasa kwa ukurasa, na unaweza kumsaka ukitaka. Lakini Anno ameficha mengine mengi pembeni, vipande vya michoro maarufu na hadithi za watoto, bila kukupa orodha. Mtoto anamwona mpanda farasi. Mama yake aliyesoma sanaa anawaona wanawake wa Millet wakiokota masazo ya mavuno. Wote wawili wameangalia ukurasa mmoja, kila mtu kwa alichokuja nacho.

Kijana wa fulana ya mistari

Halafu ikafika 1987. Mchoraji wa London, Martin Handford, alikuwa anajulikana kwa jambo moja: kuchora umati. Miaka michache kabla alikuwa amechora jalada la santuri ya bendi ya The Vapors iitwayo *Magnets*, ambalo lina umati wa watu wadogowadogo ambao ukiutazama kwa mbali unafanya umbo la jicho. Wachapishaji wa Walker Books walitaka kitabu cha umati wake. Tatizo likawa: umati peke yake, ukurasa baada ya ukurasa, utaunganishwaje uwe kitabu? Jibu likawa mhusika mmoja anayesafiri kutoka picha hadi picha. Ndiyo maana nasema Wally aliingia mwisho. Picha zilikuwa umati, yeye alikuwa uzi wa kuzishonea.

Jina lenyewe ni utani. Kwa Kiingereza cha mitaani cha Uingereza, "wally" ni mtu bwegebwege. Marekani wakamwita Waldo, Ufaransa Charlie, Ujerumani Walter. Vitabu vya Wally viliuzwa kwa makumi ya mamilioni, na Handford aliweza kutumia hadi wiki nane kuchora ukurasa mmoja wa pande mbili.

Fikiria hesabu hiyo: wiki nane za kuchora, na binti yetu anamaliza kitabu kizima kwa dakika kumi. Uzi uliowekwa kushonea picha ukawa ndio nguo yenyewe.

Mwaka 1992 kikafuata *I Spy* cha Marekani, picha za kamera za Walter Wick na mistari ya vina ya Jean Marzollo inayokuorodheshea vitu vya kusaka. Tangu hapo ukienda duka la vitabu karibu popote, rafu ya "tafuta" ina maana ya orodha: tafuta bata kumi, tafuta ufunguo, tafuta Wally.

Swali linaendesha jicho

Hapa ndipo sisi tunaosomea saikolojia ya utambuzi tunapokaa vizuri kwenye kiti. Kwa nini mtoto aliyeangalia mamia ya watu aseme hamna kitu?

Tuanze na Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti mjini Moscow. Alibandika kifaa kidogo chenye kioo kwenye jicho la mtu, kikimulikwa na mwanga kinarekodi kila jicho linapohamia. Ndiyo, si raha. Kisha akamwonyesha mtu huyo mchoro wa Ilya Repin: mwanamume aliyekuwa uhamishoni anaingia sebuleni bila kutarajiwa, familia imeshtuka. Kwanza mtazame tu. Halafu maswali: familia hii ina uwezo gani? Watu hawa wana umri gani? Kumbuka nguo walizovaa. Mgeni amekaa nje muda gani? Kitabu chake kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1967, kurasa zilizokuwa na michirizi ya macho hayo zikawa maarufu. Mchoro ni mmoja, jicho ni lilelile, lakini kila swali lina mchirizi wake. Ukiulizwa umri, jicho linaruka kutoka uso hadi uso. Ukiulizwa nguo, linapanda na kushuka miilini. Sehemu za picha zisizohusu swali zinabaki karibu tupu.

Mwaka 1980 mwanasaikolojia Mwingereza Anne Treisman, akiwa na Garry Gelade, alieleza kwa nini kusaka vitu vingine ni rahisi na vingine ni jasho. Weka doa moja jekundu kati ya madoa ya kijani: linaruka lenyewe machoni, yawe madoa 5 au 50. Lakini mwambie mtu atafute mstari mwekundu uliosimama kati ya mistari myekundu iliyolala na ya kijani iliyosimama. Sasa rangi peke yake haitoshi, mkao peke yake hautoshi, inabidi viunganishwe, na umakini hupita kitu kimoja baada ya kingine. Muda unaongezeka kadiri vitu vinavyoongezeka. Handford anajua hilo kwa mkono wake hata kama hakulisoma: anatawanya nyekundu na nyeupe ukurasa mzima, kwenye mataulo, mahema na bendera. Rangi ya Wally iko kila mahali. Umbo lake pamoja na rangi yake ndivyo viko sehemu moja tu.

Kurasa za Wally zenyewe zimeingia maabara. Mwaka 2008 watafiti wa Phoenix, Arizona waliwapa watu kazi ya kumsaka huku wakipima macho yao, na wakaona kwamba mitikisiko midogo ya jicho, ile ambayo hata mwenyewe huihisi, huongezeka pale mtu anapompata. Yaani furaha ya "nishampata" ina alama yake machoni.

Lakini utafiti ambao sikuweza kuusahau ni wa mwaka 2013, wa Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe. Waliwapa wataalamu 24 wa radiolojia picha za CT za mapafu, wasake vinundu vinavyoweza kuwa dalili ya saratani. Kwenye moja ya seti hizo walipachika picha ya gorila, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Wataalamu 20 kati ya 24 hawakumwona. Vipimo vya macho vikaonyesha kwamba wengi wa hao walimtazama moja kwa moja. Jicho lilifika pale, ila swali lililoliongoza jicho halikuwa na nafasi ya gorila.

Katika radiolojia kuna jambo jingine linalojulikana tangu miaka ya 1960, ambalo naweza kuliita kuridhika kwa msakaji: ukishapata tatizo moja kwenye picha, uwezekano wa kuliona la pili unapungua. Umepata, umetulia. Hospitalini, la pili linaweza kuwa ndilo linaloua.

Niseme wazi, gorila huyu hathibitishi kwamba Wally anaharibu watoto. Madaktari wale walikuwa wanafanya kazi yao, na kutafuta kitu kimoja kwa bidii ni ujuzi ambao mtoto anauhitaji. Atauhitaji akisaka kosa kwenye hesabu, au sindano iliyodondoka mkekani. Nisichokubali ni kuufanya huo kuwa ndio kutazama kote.

Watu wazima nao husaka

Kuna watu walioona zaidi ya Wally, na hawakuwa watoto. Kwenye ukurasa wa ufukweni wa toleo la awali kulikuwa na mwanamke mdogo sana anayeota jua bila kuvaa sehemu ya juu. Wazazi wa Marekani wakamwona, wakalalamika, na *Where's Waldo?* kikaingia kwenye orodha ya maktaba za Marekani ya vitabu 100 vilivyolalamikiwa zaidi kati ya 1990 na 1999. Kati ya mamia ya watu wa ufukwe ule, wao walimpata mmoja. Tunarudi kwa Yarbus: walikuja na swali lao.

Yaliyompata Rotraut Susanne Berner yanafanana na hayo. Huyu ni mchoraji Mjerumani aliyeurudisha mto wa Mitgutsch kuanzia mwaka 2003, kwa vitabu vya mji mmoja katika majira tofauti: baridi, machipuko, kiangazi, vuli, na baadaye usiku. Wahusika wanarudi ukurasa hadi ukurasa, kitabu hadi kitabu. Kasuku anatoroka, shule ya chekechea inajengwa kidogo kidogo msimu baada ya msimu. Hakuna anayekuambia umfuate nani. Ukiamua kumfuata kasuku, umepata hadithi. Kesho mfuate mwingine, umepata nyingine.

Mwaka 2007 wachapishaji fulani wa Marekani walitaka kuvitoa vitabu hivyo kwa masharti: wavutaji sigara waondolewe, na kwenye chumba cha maonyesho ya sanaa kifutwe kijisanamu cha mwanamume uchi. Kimo cha kijisanamu hicho: milimita saba. Berner akasema kama ni lazima wafunike, basi waweke ukanda mweusi ili kila mtu aone kwamba kuna kitu kimefunikwa. Wakakataa, naye akakataa, mkataba ukafa. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya Hans Christian Andersen, kubwa kuliko zote kwa wachoraji wa vitabu vya watoto.

Lakini si kila malalamiko ni ya kuchekwa. Kamusi maarufu ya picha ya Scarry ya mwaka 1963 ilipotazamwa tena na wazazi wa miaka ya baadaye, walihoji kwa nini jikoni kuna mama peke yake. Matoleo mapya yakabadilishwa, baba naye akaingia jikoni. Mtoto hakuambiwa "tafuta nani anapika". Alikuwa anaona tu. Picha iliyojaa watu ni maelezo ya jamii, na kilichokaa pembeni ya ukurasa kinafundisha pia, hata kama hakina namba.

Sasa tumwulize nini mtoto?

Mwaka 1978 Anat Ninio na Jerome Bruner walichapisha utafiti wa mama mmoja na mwanawe, kuanzia mtoto akiwa na miezi minane hadi mwaka mmoja na nusu. Walichunguza wanavyofungua vitabu vya picha pamoja, na wakaona mazungumzo yao yana mpangilio unaojirudia. Mama anasema "Tazama!" Halafu, "Hiki nini?" Halafu anakitaja. Halafu, "Ndiyo!" Mtoto mwanzoni anajibu kwa tabasamu au kwa kidole, mama anapokea hilo kama jibu halali, na polepole anaanza kudai neno kamili. Kumbe kabla mtoto hajaongea, yumo tayari kwenye zamu za mazungumzo, na kitabu ndicho kiwanja.

Kwa Mitgutsch na Berner kiwanja hicho kina faida moja kwetu sisi: hakuna cha kutafsiri. Mji wa Ujerumani unaweza kusimuliwa kwa Kiswahili, Kisukuma au Kiganda. Kasoro ni kwamba theluji ni nyingi na bajaji hamna. Ningefurahi mchoraji mmoja atuchoree Kariakoo kutoka juu, saa nne asubuhi, bila maelezo.

Siku ya pili nilikitoa tena kile kitabu cha miduara ya bluu. Mtoto akaguna: "Shangazi, si nishampata?" Nikamwambia leo Wally hatumtaki, hana habari. Nikamwuliza, "Nani hapa ana hasira?" Akakaa kimya kidogo. Kisha kidole kikatua. "Huyu. Huyu kamwagiwa maji." Nani kammwagia? Kidole kikatembea. Kwa nini? Hapo akanitungia kesi nzima, na mashahidi. Nilipomwuliza nani yuko peke yake, alitafuta muda mrefu sana, kisha akamwonyesha mmoja ambaye mimi sikuwahi kumwona, na mimi ndiye mwenye kitabu.

Sura ya tasnifu nilimpelekea msimamizi Jumanne.

Ukipata nafasi, jaribu nyumbani na mtoto yeyote na picha yoyote yenye watu wengi, hata kalenda ya dukani. Kama hakuna kitabu, dirisha la daladala kwenye foleni linatosha. Muulize swali lisilo na jibu moja, halafu subiri. Kisha tuandikie alichokiona.